PENINA MUHANDO, MTUNGAJI WA MICHEZO KUTOKA KILOSA

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Aliye mbali na redio asogee karibu. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno haya matatu: mtungaji, mchezo, hatia. Tutayahitaji sote.

Katika masomo ya historia tumezoea kusikia habari za machifu na magavana, za vita na mikataba. Leo tutasikia habari za mtu ambaye hakupigana vita wala hakutawala nchi. Kazi yake ni kutunga michezo ya kuigiza. Ni mwanamke, tena ni mtu wa wilaya yetu hii ya Kilosa. Jina lake ni Penina Muhando. Katika vitabu vingine mtaliona jina la Penina Mlama. Msidhani kuwa ni watu wawili. Michezo yake ya kwanza ilipigwa chapa kwa jina la Muhando, na maandishi yake mengi ya baadaye yana jina la Mlama. Mtu ni yule yule.

Katika kusoma maisha yake tutafuata swali moja. Huyu alikuwa mtungaji mwenye sifa, mwenye vitabu vilivyosomwa mashuleni. Kwa nini basi alitoka chuoni akaenda vijijini, akakaa na wakulima, ili wao wenyewe watunge michezo yao? Liwekeni swali hili moyoni. Jibu litakuja polepole.

ALIKOZALIWA

Penina Muhando alizaliwa mwaka wa 1948 huko Berega, upande wa kaskazini wa Kilosa, katika nchi ya Wakaguru. Wakati huo Tanganyika ilikuwa ikitawaliwa na Waingereza, kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Berega palikuwa na misheni ya Kianglikana, na jina la mahali hapo lilijulikana kwa kanisa na hospitali.

Katika nchi ile, kama katika sehemu nyingi za Tanganyika, watoto walipata mafunzo ya namna mbili. Mafunzo ya kwanza yalikuwa ya shule: ubao, chaki, kengele na kitabu. Mafunzo ya pili yalikuwa ya nyumbani: hadithi za jioni penye moto, vitendawili, methali, ngoma, na mafundisho ya jando na unyago. Katika mafunzo hayo ya pili hapakuwa na cheti. Lakini mtu aliyeyakosa alihesabiwa kuwa mjinga, hata kama alikuwa amekwisha kuwa na mvi.

Wamisionari wengi waliyatazama mafunzo hayo ya pili kwa shaka. Waliona ngoma ni mambo ya kipagani, na mara nyingi waliwakataza Wakristo wasizicheze. Katika shule za serikali na za misheni wanafunzi walifundishwa michezo ya Kiingereza, na baadhi yao wakaigiza maneno ya Shakespeare. Watu wakazoea kufikiri kwamba mchezo wa kuigiza ni kitu kilichotoka Ulaya. Nasema Ulaya ile ya ng'ambo ya bahari, siyo Ulaya yetu hii iliyopo kati ya Kilosa na Mikumi!

Fikira hiyo ndiyo ambayo Penina Muhando alikuja kuipinga, kwanza kwa kalamu, halafu kwa utafiti, na mwisho kwa kazi ya vijijini.

CHUO KIKUU NA VITABU VYA KWANZA

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka huo huo chuo kikuu cha kwanza cha nchi kilianza Dar es Salaam, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Baadaye kilihamia mlimani, nje ya mji, na mwaka wa 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenye kusimama peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 chuo hicho kilianza kufundisha sanaa za maonyesho. Huko ndiko Penina Muhando alikosomea sanaa hiyo, na huko ndiko alikobaki akawa mwalimu, mpaka akafikia cheo cha profesa.

Miaka hiyo ilikuwa miaka ya mabishano makubwa. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka wa 1967. Washairi waliandika ngonjera, na shule na vikundi vya vijana vikazisema mbele za watu. Wengi walitumia sanaa kusifu siasa mpya. Penina Muhando naye aliandika juu ya nchi yake, lakini yeye aliuliza maswali.

Mchezo wake uitwao Hatia ulipigwa chapa mwaka wa 1972, naye akiwa kijana wa miaka kama 24. Unahusu msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa. Tazameni neno lile ubaoni. Hatia ni kosa ambalo mtu anastahili kulaumiwa kwalo. Katika vijiji vyetu msichana akipata mimba, lawama humwangukia yeye kwanza, kisha mama yake. Mwanamume aliyehusika huweza kupanda gari asubuhi akaenda zake. Mtungaji alichagua jina lenye kumfanya kila msomaji ajiulize: hatia ni ya nani?

Baada ya Hatia vilifuata Tambueni Haki Zetu mwaka wa 1973, Heshima Yangu mwaka wa 1974, na Pambo mwaka wa 1975. Vitabu vinne katika miaka minne. Someni majina hayo kwa sauti, nanyi mtaona mambo yaliyomshughulisha: hatia, haki, heshima, na pambo, yaani kitu cha kupendeza macho tu.

Kuna jambo moja zaidi la kuangalia. Chuoni masomo yalifundishwa kwa Kiingereza, na mwandishi aliyetaka kujulikana duniani aliona Kiingereza ndiyo njia fupi. Penina Muhando aliandika michezo yake kwa Kiswahili. Sababu ni rahisi kuielewa. Mchezo husemwa kwa sauti mbele ya watu. Ikiwa wale unaowasema hawaelewi lugha yako, unawasengenya tu, huzungumzi nao. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 1990, aliandika makala ya kitaalamu juu ya jambo hilo, akaeleza matatizo yanayompata mwandishi wa Afrika anayetunga kwa lugha ya watu wake.

Hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Mwenzake mmoja alikuwa Ndyanao Balisidya, ambaye riwaya yake iitwayo Shida ilitoka mwaka wa 1975. Riwaya hiyo inaeleza habari za vijana wanaotoka kijijini na kukimbilia mjini. Mwaka wa 1976 wanawake hao wawili walitoa kwa pamoja kitabu cha mafundisho, Fasihi na Sanaa za Maonyesho. Mwaka wa 1982, pamoja na mwenzao Amandina Lihamba, walitoa mchezo wa Harakati za Ukombozi. Bibi Balisidya alifariki mwaka wa 1987, akiwa bado na kazi nyingi mbele yake. Tumtajapo mmoja wao, ni haki kuwakumbuka wote, maana katika miaka hiyo wanawake waliotunga vitabu vya Kiswahili walikuwa wachache sana.

KASORO ILIYOKUWAPO

Basi, hapa ndipo swali letu linapoanza kupata jibu.

Mwaka wa 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Yaani katika watu wazima tisa, sita hawakuweza kusoma barua yao wenyewe. Serikali iliufanya mwaka wa 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na tangu mwaka wa 1971 kampeni kubwa ya kufuta ujinga ilienea nchi nzima. Watu walisoma chini ya miembe, makanisani, misikitini na katika maghala ya pamba. Kufikia mwaka wa 1975 wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi kiasi cha wanne katika kila watu kumi. Madarasa kama haya yenu ni watoto wa kampeni ile.

Sasa fikirini. Mtu anatunga mchezo juu ya msichana wa kijijini. Mchezo unapigwa chapa Nairobi au Dar es Salaam. Unasomwa katika shule za sekondari, unaigizwa katika kumbi za mjini. Lakini msichana mwenyewe wa kijijini hawezi kuusoma, wala ukumbi haujui. Habari zake zinazungumzwa na watu wengine, mahali pengine, naye hayupo.

Hiyo ndiyo kasoro. Kitabu kilisema kweli, lakini kweli hiyo haikumfikia mwenye shida. Na hata kama ingemfikia, ingekuwa bado ni maneno ya mtu mwingine juu yake.

KURUDI KATIKA SHULE YA NYUMBANI

Ili kupata dawa ya kasoro hiyo, Penina Muhando aliyarudia mambo ya kwao. Mwaka wa 1981 aliandika makala juu ya digubi, ambayo ni sanaa ya maonyesho ya Wakaguru. Mwaka wa 1983 alipata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utafiti wake ulihusu sanaa za maonyesho za Wakaguru na namna zinavyofanya kazi ya kufundisha.

Angalieni jambo hilo vizuri. Ngoma na hadithi ambazo watu walikuwa wameambiwa ni ushenzi, sasa ziliingia chuo kikuu kama elimu ya kuchunguzwa kwa makini. Naye aliyeziingiza alikuwa binti wa Berega.

Ngoma hufundishaje? Sote tumecheza ngoma. Basi na tuchambue. Kwanza, katika ngoma hakuna mtu aliyekaa kimya kwenye kiti. Mmoja huanza wimbo, wengine huitikia, na anayeitikia amekwisha kuingia katika mafunzo. Pili, wimbo huweza kusema jambo ambalo haya ingelizuia. Mkwe hawezi kumwambia mkwewe, "Wewe ni mchoyo." Lakini wimbo ukiimbwa uwanjani juu ya mtu mchoyo, kila mtu anajua umekusudiwa nani, wala ugomvi hauzuki. Tatu, mafunzo hukaa mwilini. Mtu husahau hotuba kabla hajafika nyumbani, lakini wimbo aliouchezea akiwa kijana anao mpaka uzeeni.

Michezo aliyoitunga wakati huo ina alama za shule hiyo ya nyumbani. Nguzo Mama, uliotoka mwaka wa 1982, unaeleza habari za wanawake wa kijiji kimoja wanaotaka kuisimamisha nguzo kubwa iliyolala chini. Mambo yanakwenda kama hadithi, yuko na msimulizi. Kila mwanamke ana shida yake. Miongoni mwao yumo mjane anayenyang'anywa mali na ndugu za marehemu mumewe. Wanavuta, wanaachia, wanagombana, wanaondoka mmoja mmoja. Mchezo unakwisha, na nguzo bado haijasimama. Mtungaji hakuwapa watazamaji raha ya mwisho mwema. Aliwaacha waende nyumbani wakiulizana kwa nini nguzo ilishindikana.

Mwaka wa 1984 ulitoka mchezo wa Lina Ubani. Mnaijua methali isemayo, "La kuvunda halina ubani." Maana yake, kilichokwisha kuoza hata ukifukize ubani hakifai tena. Mtungaji aliigeuza methali. Miaka ile nchi ilikuwa imetoka katika vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979. Bidhaa zilikuwa adimu, na magendo na rushwa vilikuwa vimeenea. Wengi walisema nchi imeoza. Jina la mchezo linajibu: lina ubani, dawa ipo.

KWENDA MALYA

Dawa ile aliijaribu vijijini. Kati ya mwaka 1982 na 1983, yeye na walimu wenzake wa chuo, akiwamo Amandina Lihamba, walikwenda Malya, katika wilaya ya Kwimba, mkoa wa Mwanza. Hawakuchukua mchezo uliokwisha kutungwa. Walikwenda kukaa na watu na kuwauliza: shida yenu kubwa ni nini? Jambo moja kubwa lililojitokeza lilikuwa mimba za wasichana wa shule. Ni lile lile la Hatia, miaka kumi baadaye. Lakini safari hii wenye shida wenyewe walikuwapo.

Kazi ya namna hiyo hufuata hatua. Hatua ya kwanza, watu wanataja shida zao. Hatua ya pili, wanazichambua: chanzo ni nini, nani anapata faida, nani anaumia. Hatua ya tatu, wanatunga mchezo kwa kutumia ngoma, nyimbo na hadithi wanazozijua wao. Hatua ya nne, wanauonyesha mbele ya kijiji kizima. Hatua ya tano ni mazungumzo, hapo hapo uwanjani, mchezo ukiwa bado moto vichwani. Hatua ya sita, wanakata shauri la kufanya. Aliyetoka chuoni anasaidia kuongoza. Mwenye mchezo ni kijiji.

Baada ya hapo kazi kama hiyo ilifanyika pia Msoga, upande wa Bagamoyo, na hata Mkambalani, katika mkoa wetu wa Morogoro. Mambo waliyojifunza aliyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1991.

Msidhani kazi hiyo ni nyepesi. Mchezo unaosema kweli huwaudhi wakubwa. Mzee aliyezoea kusema peke yake barazani hapendi kusikia msichana akimjibu, hata kwa wimbo. Tena, wageni wa chuoni siku moja hufunga mizigo wakaenda zao, na shida hubaki na wenyeji. Kwa hiyo kipimo cha kazi hiyo si vigelegele vya siku ya maonyesho. Kipimo ni kama watu wataendelea kusema baada ya gari la wageni kuondoka.

TUSEME

Mwaka wa 1996 Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mpango kwa ajili ya wasichana wa shule za sekondari. Waliuita Tuseme. Wanafunzi walitaja mambo yaliyowazuia kusoma, wakayatungia michezo, wakaionyesha mbele ya walimu na wazazi. Baadaye alikuwa mkurugenzi mtendaji wa FAWE, jumuiya ya wanawake wenye kushughulikia elimu ya wasichana katika Afrika, yenye makao yake makuu Nairobi. Kwa njia ya jumuiya hiyo, Tuseme ilienea katika nchi nyingi za Afrika. Neno moja la Kiswahili likawa jina la kazi hata kwa watu wasiojua Kiswahili.

Baada ya hapo alikabidhiwa pia Kigoda cha Mwalimu Nyerere katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, heshima ambayo hupewa msomi mkubwa ili aongoze mijadala juu ya Afrika.

Mambo aliyoyaandikia yaliendelea kuwa hai. Kwa miaka mingi msichana wa shule aliyepata mimba alifukuzwa, na mlango ukafungwa nyuma yake. Mwezi wa Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana wa namna hiyo waweza kurudi shuleni baada ya kujifungua. Toka Hatia ya mwaka 1972 mpaka tangazo hilo ni miaka 49. Haiwezekani kusema kwamba mchezo mmoja uliibadilisha amri. Waliosema walikuwa wengi, kwa njia nyingi. Lakini jambo lisilosemwa halibadiliki, na yeye alikuwa miongoni mwa waliolisema mapema, kwa lugha ya wote.

Sasa tunaweza kulijibu swali letu. Penina Muhando alitoka chuoni akaenda vijijini kwa sababu aliona kwamba kumsemea mtu ni msaada wa muda tu, na kumwezesha mtu aseme mwenyewe ni msaada unaobaki. Hata kujifunza kusoma na kuandika, kazi mnayoifanya ninyi kila jioni baada ya shamba, kuna maana hiyo hiyo. Leo unaandika jina lako. Kesho unaandika shauri lako, ukalisoma mbele ya mkutano wa kijiji, wala hakuna anayeweza kusema kuwa hukulisema.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mtungaji huyu alichagua kuandika michezo yake kwa Kiswahili?
2. Katika Nguzo Mama, nguzo haikusimama. Katika kijiji chenu, ni jambo gani zuri lililoanzwa likashindikana? Chanzo kilikuwa nini?
3. Tajeni wimbo mmoja wa ngoma ya kwenu unaofundisha au kuonya. Unamwonya nani?
4. Kazi ya kikundi: chagueni shida moja ya hapa, kama ugomvi wa wakulima na wafugaji, au mafuriko, au mtoto kuacha shule. Fuateni zile hatua sita, mtunge mchezo wa robo saa. Wasiojua bado kuandika waigize, wanaojua waandike maneno. Onyesheni mbele ya darasa kabla ya somo lijalo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mtungaji: mtu abuniye hadithi, shairi au mchezo.
Hatia: kosa ambalo mtu anastahili kulaumiwa kwalo.
Riwaya: hadithi ndefu iliyoandikwa katika kitabu.
Kuchambua: kutenga sehemu za jambo ili kuona chanzo chake.
Kukata shauri: kuamua.

Kwaherini, na jioni njema.